Fungu la Mwenda kwa Miguu Liko Wapi?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali, Dar es Salaam.



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya maendeleo ya miji yetu. Hilo ni jambo pana, na msemaji akitaka kuligusa lote huishia kuwachosha wasikilizaji bila ya kuwaachia kitu cha kuondoka nacho. Kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu, nayo ni fedha za umma za kumjengea njia mtu anayekwenda kwa miguu na anayepanda baiskeli mjini. Najua wapo watakaosema moyoni kuwa hili ni jambo dogo mbele ya reli, mabwawa ya umeme na madaraja. Nawaomba wanivumilie. Ndani ya jambo hili limo swali la haki ambalo Chama kililiuliza tangu mwaka 1967, wakati huo kikiwa TANU, na ambalo mpaka leo hatujalijibu kwa ukamilifu.

Tuanze na yale tunayoyaona kwa macho. Simameni asubuhi, kabla ya jua kuchomoza, pale Buguruni, au Manzese, au Mbagala Rangi Tatu. Mtawaona wafanyakazi wakienda kazini kwa miguu ili nauli ya siku hiyo ibaki nyumbani kwa ajili ya unga. Mtamwona mama lishe amejitwika masufuria, mchuuzi wa samaki anayetoka Feri na tenga nyuma ya baiskeli, na fundi aliyefunga mbao kwenye baiskeli yake. Mtawaona pia watoto wa shule, wengine wa darasa la kwanza na la pili, wameshikana mikono wakingoja upenyo wa kuvuka. Barabara iliyo mbele yao ina lami nzuri na mistari iliyopakwa vizuri. Lakini pa kupita wao ni ukingo wa mfereji, na masika yakianza hata ukingo huo hufunikwa na maji, wakalazimika kushuka barabarani kati ya magari.

Ninyi walimu mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mwanafunzi akichelewa namba ya asubuhi huulizwa alikuwa wapi. Mara nyingi alikuwa kituoni, akikataliwa na kondakta kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Akiamua kutembea, basi usalama wake huachwa mikononi mwa dereva asiyemjua. Wapo walimu ambao kila siku huacha maandalio ya masomo wakaenda kusimama barabarani na kusimamisha magari kwa mikono yao ili watoto wapite. Kazi hiyo haimo katika mkataba wao wa ajira. Wanaifanya kwa sababu njia haikujengwa.

Hatari hiyo si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Katika kila watu 100 waliokufa, 23 walikuwa wakienda kwa miguu na 6 walikuwa juu ya baiskeli. Zaidi ya tisa katika kila kumi walifia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Aidha, taarifa hiyo ilieleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya njia za miguu hatuzungumzi juu ya mapambo ya mji. Tunazungumza juu ya maisha ya watoto mliokabidhiwa na wazazi wao.

Sasa niulize: barabara ni ya nani?

Azimio la Arusha, lilipozungumza juu ya kujitegemea, lilitutahadharisha tusidanganyike na maendeleo ya mijini yanayolipiwa na watu wengine. Miongoni mwa mifano iliyotolewa humo ni ule wa barabara za lami: faida yake kubwa humwendea mwenye gari, na deni la kuzijenga humwangukia mkulima anayezalisha mazao. Miaka imepita, miji imekua, na sura ya wananchi wa mjini imebadilika. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Kwa hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja, na wengi wa walioongezeka hawana gari wala hawatarajii kuwa nalo karibuni. Hivyo swali lile la mwaka 1967 limehamia hapa hapa mjini. Anayefaidi kwanza ni mwenye gari. Analipa nani?

Wapo wanaodai kwamba mwenye gari ndiye anayelipia barabara, kwa kuwa tozo hukatwa katika mafuta anayonunua, na kwa hiyo ni haki barabara ijengwe kwa ajili yake. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, na fedha hizo zikaelekezwa kwa TARURA kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Ni kweli kwamba tozo hukatwa kituo cha mafuta. Lakini mwenye daladala haitoi mfukoni mwake akanyamaza. Huirudisha katika nauli. Mwenye lori huirudisha katika bei ya sukari, ya saruji na ya nyanya zinazoletwa Kariakoo. Mama lishe tuliyemwona Manzese hajawahi kununua lita moja ya petroli, lakini amelipia barabara kila aliponunua kilo ya mchele. Yeye ni mlipaji wa Mfuko wa Barabara kama mlipaji mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba wakati wa kugawa, jina lake halisomwi.

Tulitazame pia jambo hili kwa upande wa mfuko wa mfanyakazi. Desemba 2023 ilitangazwa nauli ya daladala ya shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Kwa kiwango hicho, mtu anayepanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi hutumia shilingi 2,400 kwa siku. Akifanya kazi siku 24 katika mwezi, hizo ni shilingi 57,600. Kama safari yake moja kati ya hizo mbili ni ya kilomita tatu au nne, na kama ingekuwapo njia salama ya baiskeli, nusu ya fedha hizo ingebaki nyumbani kwake. Ongezeko la namna hiyo halihitaji mwajiri apandishe mshahara. Linahitaji njia.

Ndugu Mwenyekiti, historia inatufundisha kwamba nchi hubadilika pale inapoamua. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani pote, na nchi nyingi zilitikisika. Wazee waliomo humu wanaikumbuka amri iliyokuja kupigwa hapa kwetu, ya kukataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Uholanzi nayo ilipiga marufuku kama hiyo, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973. Lakini wenzetu walikuwa na kilio kingine juu ya kile cha mafuta. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara zao, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai kwamba mauaji ya watoto yakome. Serikali yao ikaanza kutoa fedha za umma kwa ajili ya njia za baiskeli, ikianza na njia za mfano katika miji ya Tilburg na The Hague katikati ya miaka ya 1970, na haikuacha tena. Leo watu wengi hudhani Waholanzi walizaliwa juu ya baiskeli. Sivyo. Miaka ile miji yao ilikuwa ikibomolewa ili kuyapisha magari. Walichofanya ni kuigeuza amri ya dharura kuwa kasma ya kudumu katika bajeti. Sisi tulibaki na amri, na amri ilipoondoka hapakubaki kitu.

Nasema hivyo si kwa sababu sisi hatukuwa na mawazo yetu. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mpango kabambe uliotayarishwa mwaka 1976 uliuona mji huo kuwa mji wa watu wanaotembea, wanaopanda baiskeli na wanaopanda mabasi, wala si mji wa kupangwa kwa kufuata gari la mtu binafsi. Katika miaka hiyo hiyo nchi yetu ilikuwa na kampuni ya umma ya kuunda baiskeli, NABICO. Wengi wetu tumesahau. Watumishi wa Serikali ambao mmehamia Dodoma tangu mwaka 2016 mnaweza kujiuliza ninyi wenyewe: je, mtu anaweza kutoka nyumbani kwake hadi ofisini Mtumba kwa baiskeli bila ya kuhatarisha maisha? Mji ule bado unajengwa. Kosa ambalo Dar es Salaam italazimika kulisahihisha kwa kubomoa, Dodoma inaweza kuliepuka kwa kupanga.

Lazima pia tuwe wakweli na kuyataja yaliyofanyika. Barabara ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutumika Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, ilijengwa ikiwa na njia za miguu na za baiskeli pembeni. Kazi hiyo ililifanya jiji la Dar es Salaam litunukiwe tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Mradi wa uboreshaji wa jiji ulioanza mwaka 2015 umepeleka barabara zenye mifereji, taa na njia za miguu katika mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke ambayo haikuwahi kuonja lami. Kadhalika, mpango wa usalama wa barabara za shuleni ulioendeshwa na shirika la Amend, hapa na katika nchi nyingine za Afrika, ulipata tuzo kubwa ya miji mwaka 2019. Mpango huo haukujenga kitu cha ajabu. Ulijenga njia ya miguu mbele ya shule, ukaweka matuta, vizuizi na alama za kuvukia, na watoto wanaoumizwa barabarani wakapungua.

Lakini angalieni jambo moja katika mifano hiyo yote. Kila mmoja ulikuwa mradi. Mradi una mwanzo na mwisho, una mfadhili au mkopo, na unahusu mtaa huu ukauacha ule. Mwenda kwa miguu akitoka kwenye njia nzuri ya Barabara ya Morogoro akaingia mtaani kwake, anarudi kwenye ukingo wa mfereji. Gari halitendewi hivyo. Gari linapotoka barabara kuu ya TANROADS linaingia barabara ya TARURA, na zote mbili zina fungu la kila mwaka la ujenzi na la matengenezo. Hapo ndipo ilipo tofauti. Gari lina bajeti. Mwenda kwa miguu ana bahati.

Zaidi ya hayo, mambo mengine yanayoitwa ya waenda kwa miguu kwa kweli ni ya wenye magari. Chukueni madaraja ya kuvukia juu. Mjamzito, mzee mwenye fimbo, mtu wa kiti cha magurudumu na mchuuzi mwenye baiskeli wanaambiwa wapande ngazi na kushuka ngazi, ili gari lisipunguze mwendo. Kisha watu wakivuka chini tunawaita wakaidi. Penye barabara pana sana daraja linaweza kuhitajika. Lakini katikati ya mji, dawa ni kupunguza mwendo wa magari na kuweka kivuko cha usawa wa barabara. Mtu aliyegongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona. Kwa kilomita 50 nafasi hiyo hupungua sana.

Sasa nijibu hoja tatu ambazo husemwa kila mara jambo hili linapoletwa mezani.

Hoja ya kwanza ni kwamba nchi yetu ni maskini, kwa hiyo tumalize kwanza barabara za magari. Ndugu zangu, kwa sababu sisi ni maskini ndiyo maana inatupasa kuanza na kile kinachowafaa wengi kwa gharama ndogo. Njia ya miguu haibebi lori la tani thelathini. Haihitaji tabaka nene za kokoto wala lami nzito. Inaweza kujengwa kwa matofali ya saruji yanayofyatuliwa na vikundi vya vijana katika kata hiyo hiyo, na fedha zikabaki kwao.

Hoja ya pili haisemwi kwa sauti. Ni kasumba ya kudhani kwamba kutembea na kupanda baiskeli ni alama ya unyonge, na kwamba mtumishi akionekana juu ya baiskeli ameshuka cheo. Kasumba hii ndiyo inayopanga bajeti zetu bila ya sisi kujua. Anayechora barabara huenda kazini kwa gari. Anayepitisha makadirio huenda kikaoni kwa gari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari hukawia kumjua mwenda kwa miguu.

Hoja ya tatu ni kwamba hata tukijenga, njia hujaa wafanyabiashara wadogo, bodaboda na magari yaliyoegeshwa. Hii ni hoja ya kweli. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji hili na kuelekezwa katika maeneo waliyopangiwa, na sote tunajua kwamba mtu anayetafuta riziki hurudi pale walipo wanunuzi. Jibu si kuacha kujenga. Jibu ni kuwapangia nafasi ya biashara katika mchoro wenyewe wa barabara, kwa kuwa mteja wao mkubwa ni huyo huyo mwenda kwa miguu. Ama gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu halina udhuru wa riziki. Hilo ni kosa, na sheria ichukue mkondo wake.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika kwenye mapendekezo yangu. Ni manne.

La kwanza, fungu la waenda kwa miguu na wapanda baiskeli liwe na kasma yake katika Mfuko wa Barabara, TANROADS, TARURA na kila halmashauri ya mji. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilipendekeza mwaka 2016 kwamba nchi zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti za usafiri kwa kazi hii. Jiji la Nairobi lenyewe liliandika kiwango hicho katika sera yake ya mwaka 2015. Ikiwa moja ya tano inatutisha, tuanze na moja ya kumi, lakini iandikwe, isomwe barazani, na ikaguliwe. Jambo lisilo na kasma halina mwenyewe.

La pili, mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho ya barabara yoyote ya mjini kabla njia ya miguu iliyomo katika mchoro haijakamilika. Fedha zikipungua, njia hiyo isiwe kitu cha kwanza kukatwa.

La tatu, tuanze na shule. Kila shule ya msingi ya mjini iwe na njia salama katika nusu kilomita inayoizunguka, pamoja na matuta na vivuko. Ninyi walimu wakuu mnaweza kuichora ramani ya njia wanazopita watoto wenu na kuipeleka katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya makadirio kuandaliwa. Hakuna mhandisi anayeijua njia hiyo kuliko ninyi.

La nne, ofisa yeyote anayepitisha mchoro wa barabara ya mjini aikague kwanza kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, saa ya watoto kwenda shule. Agizo hili halina gharama. Nina hakika michoro mingi ingerudishwa mezani siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, hatuombi magari yaondolewe. Gari la wagonjwa, basi na lori la chakula vina kazi yao katika ujenzi wa Taifa. Tunachoomba ni kwamba wakati fedha za barabara zinapogawanywa, akumbukwe yule aliye wengi, naye ni mlipaji. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa watu waliomo katika ukumbi huu: mwalimu anayewajua watoto, mchumi anayeandika makadirio, ofisa mipango anayeamua kipi kitangulie. Miezi michache ijayo mtakaa tena kuandaa bajeti. Mtakapofika kwenye ukurasa wa barabara, itafuteni kasma ya mwenda kwa miguu. Msipoiona, ulizeni iko wapi, na msikubali kuugeuza ukurasa huo mpaka mjibiwe.